Vidole vya Ami na Santuri Sita Alizonipa Sahibu Yangu



Leo naomba mnivumilie, maana naleta mambo ambayo miaka kumi nyuma mtu angeyaleta mbele yangu ningemcheka. Nataka kuzungumza habari za hip hop, na habari za ule muziki wa magitaa ya kunguruma ambao wenyewe Wazungu wanauita metal, nami nitauita muziki wa chuma. Najua wengine mmeshaanza kutabasamu. Hata mie nilitabasamu. Lakini muziki huo umenirudisha kwenye tasnifu yangu ya udaktari, kazi niliyoitolea jasho miaka mitano, nikaona ina tundu kubwa ambalo watahini wangu hawakuliona, na mie mwenyewe sikuliona.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mwishoni mwa 2024 niliombwa nizungumze na jamaa zetu hapa Birmingham juu ya Siti binti Saad. Mada hiyo naipenda, na wanafunzi wangu wanaijua kwa kunichoka. Nikasema niliyozoea kusema: kwamba Siti, mtoto wa Fumba, bibi wa asili ya watumwa aliyekuja mjini kuuza vyungu, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na kwamba nyimbo zake zinatuhifadhia Unguja ambayo mafaili ya serikali ya wakoloni hayakuiandika. Ukitaka kujua watu wa Ng'ambo walionaje mahakama, walisemaje juu ya mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka, usiende kwenye ripoti ya Mzungu peke yake, nenda kwa Siti. Nikamaliza kwa kusema nyimbo ni nyaraka. Watu wakapiga makofi, tukala biriani.

Baada ya biriani akanijia sahibu yangu mmoja, mtu wa Mombasa, fundi wa umeme, ambaye hana digrii hata moja lakini amesoma kuliko wengi wetu. Akaniambia, "Shekhe, umesema nyimbo ni nyaraka. Sawa. Na huu mji unaokaa mwaka wa ishirini na tatu huu, nyaraka zake umezisikiliza?"

Nikamuuliza nyaraka zipi.

"Black Sabbath. Watoto wa Aston hao, hapo unapopita na basi kila siku."

Nikacheka. Nikasema wale wahuni wapiga kelele za mashetani? Akanitazama kwa upole, akasema, "Ndivyo walivyomsema Siti, waungwana wa mjini."

Hapo nikanyamaza. Akachukua bahasha tupu iliyokuwa juu ya meza, akaandika majina ya albamu sita, tatu za chuma na tatu za hip hop. Black Sabbath, ile yao ya kwanza ya 1970. Metallica, Master of Puppets, 1986. Sepultura wa Brazili, Roots, 1996. Kisha Run-DMC, Raising Hell, 1986. Public Enemy, It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back, 1988. Na Nas, Illmatic, 1994. Akasema, "Sikiliza kwanza, halafu ndio uongee. Na usisikilize kama unakula karanga. Sikiliza kama unavyosoma faili."

Basi nikasikiliza kama ninavyosoma faili, kalamu mkononi.

Chuma

Niliweka Black Sabbath usiku mmoja wa baridi. Inaanza na mvua, kengele ya kanisa, radi, halafu gitaa linaingia na sauti tatu nzito, taratibu, kama mtu anaburuta kitu kizito sakafuni. Mara ya kwanza sikupenda hata kidogo. Nikasema huyu bwana amenitania. Lakini nimefundishwa kwamba faili usilolipenda ndilo la kusoma mara mbili, kwa hiyo nikaanza kuuliza: hii sauti imetoka wapi?

Imetoka kiwandani, na hapa sisemi kwa mafumbo. Vijana wanne walioifanya, Tony Iommi, Ozzy Osbourne, Geezer Butler na Bill Ward, walikulia Aston, mtaa wa wafanyakazi wa Birmingham, baada ya vita, wakati viwanja vilivyobomolewa na mabomu ya Wajerumani bado vilikuwa uwanja wa watoto kuchezea. Ozzy aliwahi kufanya kazi machinjioni, akafanya kazi ya kujaribu honi za magari, na akafungwa jela kidogo kwa wizi wa kuvunja duka. Tony Iommi alikuwa kiwanda cha mabati. Akiwa na umri wa miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kabla ya kwenda kuwa mwanamuziki wa kulipwa, alipewa mashine ambayo si yake, kwa sababu mwenye mashine hakuja. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Na yeye anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio wa kubonyezea nyuzi. Kila mtu alimwambia muziki basi.

Sasa sikilizeni. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea nyumbani santuri, akamwambia asikilize. Iommi hakutaka, lakini akasikiliza, akaipenda. Msimamizi ndipo akamwambia: huyu uliyemsikia ni Django Reinhardt, naye anapiga kwa vidole viwili tu, vingine viliungua. Ni kweli, Django, yule Mjipsi wa Ufaransa, aliungua kwenye gari lake la kuishi mwaka 1928.

Iommi akarudi kwenye gitaa. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akajitengenezea kofia za vidole, akazivika ngozi ya koti kuukuu ili zisiteleze. Nyuzi za kawaida zikawa zinamuumiza, akatafuta nyuzi nyembamba, akaanza na za banjo. Kufika albamu ya tatu, 1971, akazilegeza nyuzi chini ya kiwango cha kawaida ili azibonyeze bila taabu, na zilipolegea zikatoa mngurumo mzito zaidi. Vikundi vya muziki huo duniani kote, kutoka Brazili mpaka Norway na Botswana, vimerithi mngurumo huo. Na wengi wanaoulegeza uzi leo wana vidole vyao vyote kumi.

Waungwana, mie nimekaa kwenye makumbusho ya nyaraka zaidi ya miaka thelathini nikitafuta ushahidi wa ajali za kazini. Nimeona majedwali: idadi ya waliokufa, idadi ya waliokatwa viungo, fidia waliyopewa. Sijawahi kukutana na ajali ya kiwandani ambayo unaweza kuisikia kwa masikio. Jeraha la kijana wa Aston limeingia ndani ya sauti, likabaki humo, na watoto wa watoto wanaliiga bila kujua wanaiga nini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka ami yangu.

Ami

Mie ni mtu wa Tanga, na tasnifu yangu ilikuwa juu ya wafanyakazi wa mkonge. Wengi mnaijua habari yenyewe. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, alileta mbegu mwaka 1893, na chache tu zilifika hai. Kutoka hizo chache likatoka pori la mkonge kutoka Tanga mpaka Korogwe na kupita. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, ya kwanza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa 1967, na kufika mwisho wa miaka ya tisini mavuno hayakufika hata moja ya tano ya yale ya zamani. Niliandika juu ya manamba walioletwa na SILABU kutoka bara na ng'ambo ya mipaka, juu ya kipande, juu ya mishahara, juu ya migomo. Kitabu kizima. Kimenukuliwa hapa na pale, alhamdulillahi.

Ami yangu, mdogo wake baba, alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi nyeupe. Na Jumamosi ya mshahara alipiga gitaa la rithimu katika bendi ya shambani. Haikuwa bendi ya kujulikana. Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, majina makubwa, hao wa shambani walikuwa wakiwaiga tu, na gitaa lenyewe walichangiana. Mwaka 1974 korona ikamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akapewa fidia kidogo, akahamishwa kazi ya ulinzi wa getini. Gitaa likatundikwa ukutani. Mie nilikuwa mdogo sana, ninachokumbuka ni kwamba miaka iliyofuata nyuzi zake mbili zilikuwa zimefungia mlango wa banda la kuku.

Miaka ya tisini nilirudi kutoka ughaibuni na kinasa sauti, mwanafunzi wa udaktari, kidomo juu. Nikamhoji ami saa mbili nzima. Katika tasnifu yeye ni mhojiwa namba 17. Nilimuuliza kipande kilikuwa na siku ngapi, posho ilikuwa kiasi gani, nani aliitisha mgomo, ajali ilitokea saa ngapi na msimamizi alisema nini. Akajibu vizuri sana. Mwisho, nilipokuwa nafunga daftari, akasema, "Na muziki huulizi?"

Nikamjibu, "Hiyo si mada, Ami."

Amefariki 2009, Mungu amrehemu. Maneno hayo mawili matatu ningeyanunua kwa bei yoyote niyarudishe.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi kwamba ami angekuwa Tony Iommi. Uingereza ya 1965 kulikuwa na maduka ya kununua nyuzi za banjo, kulikuwa na kampuni za santuri London zilizokuwa zikitafuta vijana, kulikuwa na vilabu vya kupigia kila mtaa. Black Sabbath walirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja tu, Oktoba 1969, lakini hiyo siku moja ya studio ilikuwepo. Shambani kwetu haikuwepo. Na kulikuwa na msimamizi mmoja aliyebeba santuri mkononi akaenda kumtazama kijana aliyeumia. Ami hakuletewa santuri na mtu. Mpwa wake alipokuja na kinasa sauti, alikuja kuuliza mshahara.

Barabara

Nikageukia upande wa pili wa bahasha. Sahibu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: ANZA NA BARABARA. Sikuelewa mpaka nilipokwenda kusoma.

Mwaka 1948 jiji la New York lilianza kujenga barabara kuu ya kupasua katikati ya Bronx, chini ya usimamizi wa Robert Moses, mtu aliyekuwa na madaraka makubwa kuliko mameya waliomteua. Familia kwa maelfu zikahamishwa. Mitaa iliyokuwa na masinagogi, maduka na baraza zake ikakatwa vipande. Wenye uwezo wakahama, wenye nyumba wakaacha kukarabati, viwanda vikaondoka, na miaka ya sabini moto ukaingia. Kati ya 1970 na 1980 kuna maeneo saba ya sensa katika Bronx yaliyopoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa. Someni tena namba hiyo. Huo si mji uliopigwa vita, ni mji ulioachwa.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika ukumbi wa chini wa jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, karibu kabisa na barabara hiyo, binti mmoja aliandaa dansi ili apate pesa za nguo za shule. Kaka yake ndiye aliyeweka muziki. Kaka huyo ni Clive Campbell, aliyejulikana kama Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyefika New York mwaka 1967 akiwa na miaka 12. Alikuwa amegundua kwamba wachezaji wanasubiri ile sehemu fupi ya wimbo ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake. Kwa hiyo akachukua santuri mbili za wimbo uleule, moja ikiishia anarudisha nyingine, na ile sehemu ya sekunde chache ikawa dakika tano, dakika kumi. Juu yake akatupia maneno ya kuchangamsha, kama walivyofanya wenye mitambo ya muziki kwao Jamaika.

Tukio hilo wapenzi wanalihesabu kuwa siku ya kuzaliwa hip hop. Sisi wanahistoria hatupendi siku za kuzaliwa, kwani kila kitu kina mama na bibi. Lakini kanuni yake naiona wazi, nayo ni ileile ya Iommi. Watu ambao hawana bendi, hawana mwalimu wa muziki, hawana vyombo, walichukua kilichobaki wakakifanya chombo. Gitaa la Bronx lilikuwa meza mbili za santuri, na wimbo wake ulikuwa ni kipande cha wimbo wa mwingine.

Maneno yenye uzito yalikuja baadaye kidogo. Mwaka 1982 ulipotoka wimbo wa The Message wa Grandmaster Flash na Furious Five, rap ikaacha kusifia dansi peke yake ikaanza kuhesabu vioo vilivyovunjika, panya na kodi ya nyumba. Miaka sita baadaye Public Enemy wakaifanya ripoti ya habari, tena yenye ving'ora.

Lakini iliyonishika mie ni Illmatic. Nas alikuwa na miaka 20 ilipotoka, Aprili 1994. Ni mtoto wa Queensbridge, mtaa mkubwa wa nyumba za umma huko Queens, aliyeacha shule mapema. Baba yake ni Olu Dara, mpiga tarumbeta wa jazi, na tarumbeta yake inasikika mwishoni mwa wimbo mmojawapo. Albamu nzima haifiki dakika arubaini. Ndani yake kuna wimbo uliotungwa kama barua kwa marafiki walio gerezani: anawapa habari za mtaani, nani kazaa, nani kapigwa, nani anakusalimu. Nilipousikia nilisimamisha nikaanza upya. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na barua za kishairi, baba kwa mwana, mume safarini kwa mke. Nilifikiri mtindo huo ni wetu peke yetu. Kumbe popote palipo na mtu aliyetenganishwa na wake kwa nguvu, barua itatafuta wizani.

Si mie peke yangu niliyeliona hilo, na hapa najiona nilivyochelewa. Harvard wana hifadhi ya hip hop tangu 2002, na 2013 wakaanzisha ufadhili wa utafiti wenye jina la Nas mwenyewe. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka Illmatic katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa daima, orodha ya mwaka 2020, na Master of Puppets ilikuwa imeshaingia katika orodha ya 2015. Wenye nyaraka wamekwisha kuamua. Mie nilikuwa bado natabasamu.

Chumba kimoja

Nikamuuliza sahibu kwa nini amenichanganyia mambo mawili kwenye bahasha moja, maana mmoja ni muziki wa vijana weupe wenye nywele ndefu na mwingine wa vijana weusi wa New York. Akaniambia nitazame majina ya watengenezaji.

Kutazama, nikamkuta Rick Rubin. Mwaka 1984 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, naye pamoja na Russell Simmons waliendesha kampuni yao ya Def Jam kutoka katika chumba chake cha bweni. Mwaka 1986 pekee mtu huyu alikuwa na mkono katika Raising Hell ya Run-DMC, albamu ya hip hop, na katika Reign in Blood ya Slayer, moja katika albamu kali kabisa za chuma. Run-DMC hawakutaka kuimba Walk This Way pamoja na watu wa Aerosmith, waliona ni upuuzi, lakini wimbo huo ndio uliowaingiza katika nyumba ambazo hazikuwahi kusikiliza rap. Mpiga gitaa wa Slayer, Kerry King, akapiga katika wimbo wa Beastie Boys mwaka huohuo. Mwaka 1988 Public Enemy wakachukua kipande cha gitaa la Slayer wakakijengea wimbo wao. Mwaka 1991 Public Enemy na Anthrax wakarekodi pamoja, kisha wakazunguka pamoja jukwaani.

Kwa hiyo wale waliotugawia mafaili, huu weupe huu weusi, walitudanganya. Vijana wenyewe walikuwa wakisikilizana kupitia ukutani. Naona sababu yake si fumbo. Aston na Bronx ni mitaa ya watu ambao kazi ya mikono iliwalea na kisha ikawakimbia. Mmoja akajibu kwa gitaa la kunguruma, mwingine kwa maneno ya haraka. Wote wawili walijibu kwa sauti ya juu, maana aliyezungumza taratibu hakuna aliyemsikiliza.

Niliyoshindwa kuyameza

Nisije nikaonekana nimesilimishwa upya, niseme pia yaliyonikera. Matusi juu ya wanawake katika hip hop ni mengi na hayana udhuru. Kuyaita sanaa hakuyasafishi. Reign in Blood inaanza na wimbo juu ya Mengele, yule daktari wa Auschwitz, na kampuni kubwa ya usambazaji ikakataa kuitoa albamu hiyo. Walioitunga walisema wanaeleza unyama, hawausifu. Nimeisikiliza, na bado sijatulia nayo. Misalaba na mashetani ya muziki wa chuma nayaona mara nyingi ni utoto. Na suala la halali na haramu ya muziki nawaachia masheikh, mie si mwanachuoni wa fani hiyo.

Lakini mwanahistoria hachagui nyaraka kwa usafi wake. Barua ya mfanyabiashara wa watumwa ni chafu kuliko wimbo wowote wa Slayer, na tunaisoma.

Nyumbani

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu, lakini tuwe na adabu. Kuna ndugu zetu wanaopenda kusema rap ni yetu, ati imetoka kwenye ngonjera na majibizano ya kina Muyaka. Si kweli, na tusijivike nguo ya watu. Ilichokuwa nacho Pwani ni sikio lililokwisha kuzoea kushindana kwa maneno. Ndiyo maana Saleh J alipotia Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice mwaka 1991, na Kwanza Unit walipofuata, watu wa Dar es Salaam hawakushangaa sana. Wazee walisema ni uhuni. Mwaka 2010 mmoja wa wahuni hao, Mr II, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na 2015 Professor Jay akachaguliwa Mikumi.

Kenya habari ni nzito zaidi. Vijana wa Dandora, Nairobi, na wenzao wa Mombasa walipoungana walijiita Ukoo Flani Mau Mau. Wakatumia jina ambalo vitabu vya shule vililitaja kwa kunong'ona. Na upande wa chuma, Lord Spikeheart, Mkenya anayeimba kwa kupiga mayowe ambayo mie yananichosha baada ya robo saa, ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, yule mama field marshal wa Mau Mau aliyefariki Septemba 2023, na albamu yake ya 2024 imebeba kumbukumbu hiyo ya msituni. Hip hop na chuma, njia mbili mbalimbali, zimekwenda kugonga mlango uleule. Mwanahistoria asiyeona hapo kazi ya kufanya, na afunge duka.

Kanda

Tarehe 30 Julai 2025 nilisimama Broad Street, katikati ya Birmingham, na sahibu yangu pembeni. Ozzy Osbourne alikuwa amefariki tarehe 22, siku kumi na saba tu baada ya kuimba ameketi kitini katika tamasha lao la mwisho pale Villa Park, Aston, hatua chache na alikokulia. Jeneza lilipitishwa polepole mpaka kwenye daraja lenye jina la Black Sabbath. Miaka sita nilikuwa napita juu ya daraja hilo nikidhani mtu kalipa jina la kichawi kwa mzaha. Pembeni yangu walisimama wazee wa makamo ya ami, wamevaa fulana nyeusi, wanalia. Mikono yao niliitazama. Ni mikono ya viwandani, ile ile niliyoisoma kwenye majedwali.

Usiku ule nilipanda darini nikaitafuta kanda ya mhojiwa namba 17. Nilikuwa sijaisikiliza tangu niiandike karatasini miaka ya tisini. Kinasa sauti cha zamani kikakubali kuzunguka. Sauti ya ami ikatoka, kavu, yenye utani, kama nilivyoiacha.

Kuna mahali kwenye kanda ninasikika nikipekua daftari, natafuta swali linalofuata. Kimya cha kama nusu dakika. Ndani ya kimya hicho kuna kitu kinagonga meza. Nikarudisha nyuma, nikapandisha sauti. Ni vidole. Ami anapiga rithimu juu ya meza, taratibu, na mara kwa mara pigo moja halipo, linarukwa palepale kila mzunguko. Sijui ndivyo wimbo ulivyokuwa, au ni mahali pa vile vidole viwili.

Nikaenda kutazama nakala niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe wakati ule. Mahali hapo nimeweka mabano, na ndani yake neno moja: kelele.

Ndugu zangu, wengi wenu mna kanda kama hizo. Mlizichukua Lamu, Bagamoyo, Bukavu, Sur, Maskati, mkiwahoji wazee kuhusu jahazi, kuhusu koo, kuhusu bei za karafuu. Zishusheni darini kabla hazijaoza, mkasikilize pale mlipoandika kelele. Na kama mzee wako yu hai, nenda kamuulize lile swali ambalo halimo kwenye mada.

Wasalaam.